Ukikauka Kiroho, Fanya Hivi: Mwongozo Kamili wa Kuishika Imani Wakati wa Ukame

Karibu kila anayenieleza habari za ukame wake, yaani ule wakati ambao sala na ibada havina ladha tena, amekwisha kujaribu dawa moja: kuongeza. Sala zilikuwa kavu, akaongeza muda. Muda haukusaidia, akaongeza kufunga. Akaenda mkesha, akahama kanisa kwa Jumapili mbili tatu, akasikiliza mahubiri njiani na kitandani. Kufika wiki ya tatu amechoka, ameacha vyote, na juu ya ukavu sasa anabeba hatia.

Anashindwa kwa sababu anaifukuza hisia. Hisia ya kuwa karibu na Mungu ni kama usingizi: ukiukodolea macho usiku kucha, ndivyo unavyokimbia.

Kwa hiyo hapa hutapata njia ya kurudisha lile joto la zamani. Utapata namna ya kubaki ukiwa mkavu, bila kuacha na bila kuigiza. Zoezi lenyewe ni la siku 40. Sidai kwamba namba hiyo ina nguvu za pekee. Ni muda unaotosha kuona mwelekeo kwenye daftari, na mtu aliyechoka bado anaweza kuukubali.

## Vinavyohitajika

- Biblia ya karatasi, kama unaweza kuipata. Simu ina Biblia, lakini ina na mambo mengine elfu, na mtu mkavu hutafuta kisingizio cha kuyafungua.
- Saa au kengele ya kuhesabu dakika 10.
- Daftari dogo, kalamu na penseli. Dogo kwelikweli. Daftari kubwa litakudai maneno ambayo huna.
- Mahali pamoja pa kukaa, palepale kila siku. Kiti kinatosha.
- Sala moja unayoijua kwa moyo. Baba Yetu (Mathayo 6:9–13) inatosha.
- Mtu mmoja. Nitaeleza hatua ya 5 ni mtu wa namna gani.

Hamu haimo kwenye orodha. Ungekuwa nayo, usingekuwa unasoma hapa.

## Hatua ya 1: Pima kabla ya kutibu

Usianze na maombi, anza na vipimo, maana wengi wanatibu ukame ambao si ukame. Chukua daftari, pitia maswali haya taratibu. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo sababu nitakaa hapa kwa muda mrefu kuliko penginepo.

Mwili umechoka? Nabii Eliya alipokimbia vitisho vya malkia Yezebeli, alikaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe. Angalia alichofanyiwa (1 Wafalme 19:4–8). Hakuhubiriwa. Alilala, akaamshwa akala mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa akala tena. Swali gumu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilimsubiri mpaka alipofika mlima Horebu. Basi kabla hujasema mbingu zimekuwa shaba, jiulize umelala vizuri usiku wa siku ngapi mwezi huu. Kama jibu linakutia aibu, wiki yako ya kwanza ni ya kulala mapema, na hiyo ni sehemu halali ya zoezi.

Ni ugonjwa? Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, na ukame wa kiroho vinafanana sana vikitazamwa kwa mbali. Mara nyingi mwenye ukame bado anacheka na rafiki, anafurahia kazi iliyokwenda vizuri. Kinachomwia kikavu ni sala. Sonona hukausha vyote: chakula, usingizi, watu, kazi, hata mambo uliyokuwa ukiyapenda. Lakini mpaka huo hauko wazi daima, na vyote viwili vinaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja. Yohana wa Msalaba, mtawa wa karne ya 16 ambaye maandishi yake juu ya usiku wa roho yanasomwa hadi leo, mwenyewe alionya kwamba kukosa ladha ya mambo ya Mungu kunaweza kutokana na hali ya mwili au huzuni ya kuugua.

*Onyo:* kama hali hiyo ya kukauka vyote imedumu wiki mbili au zaidi, nenda kwa daktari. Kama kuna mawazo ya kujiua, nenda leo, na mwambie mtu wa karibu kabla ya kuondoka. Kumeza dawa aliyokuandikia daktari si kupungukiwa imani, kama vile Eliya hakupungukiwa imani kwa kula mkate.

Kuna jeraha? Msiba, ndoa iliyovunjika, kiongozi wa kanisa aliyekuumiza. Hapo tatizo si ukavu. Ni kilio kilichonyimwa nafasi. Hatua ya 4 ndiyo yako. Unaweza kuanza nayo.

Kuna dhambi unayoijua? Nasema unayoijua. Kama ipo, imekwisha kukujia akilini kabla hujamaliza kusoma sentensi hii. Ishughulikie kwa njia ya kanisa lako: ungama, rudisha ulichochukua, omba msamaha. Kama hakuna kilichokujia, usianze kuchimba. Anayechimba akiwa mkavu hupata tu, maana huchukua kila udhaifu wa kawaida akauita laana.

Umepoa? Hapa Yohana wa Msalaba anatoa kipimo ninachokipenda. Aliyepoa hajali. Hasali, na hilo halimsumbui. Mwenye ukame anaumia kwamba hamtumikii Mungu ipasavyo, anaona kama anarudi nyuma. Maumivu hayo yenyewe ni ishara kwamba moyo bado umeelekea kulekule.

*Utajua umefaulu* utakapoweza kuandika sentensi moja: "Nadhani hali yangu ni ____, kwa sababu ____." Inaruhusiwa kuwa na majibu mawili.

## Hatua ya 2: Funga mlango wa maamuzi makubwa

Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari tarehe ya leo na tarehe ya siku ya 41. Chini yake andika maamuzi yote yanayokuzunguka kichwani: kuacha kanisa, kuacha wito, kuvunja nadhiri, kujiuzulu uongozi, kutangaza kwamba huamini tena. Kisha andika: "Haya sitayaamua kabla ya tarehe hiyo."

Kanuni hii ni ya Ignatius wa Loyola (1491–1556), mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti: wakati wa ukiwa wa roho, mtu asibadilishe kitu, abaki imara katika uamuzi alioufanya alipokuwa na utulivu. Sababu yake ni rahisi. Gizani hata kabati lako mwenyewe linakugonga. Mambo uliyoyaona kwenye mwanga hayajahama, ila huyaoni.

*Onyo:* kanuni hii haimfungi mtu anayedhulumiwa. Kama kanisani au nyumbani unapigwa, unanyanyaswa au unanyonywa fedha kwa jina la Mungu, kuondoka hapo ni usalama. Usingoje siku ya 41.

## Hatua ya 3: Punguza mpaka ubaki na unachoweza

Sasa kata. Dakika 10 kwa siku, saa ileile, kiti kilekile. Kama ulikuwa na ratiba ya saa mbili ambayo hujaitimiza tangu miezi mitatu iliyopita, ifute kabisa. Ratiba isiyotimizwa haikujengi, inakushtaki tu kila asubuhi.

Kipimo cha ratiba nzuri ni siku yako mbaya kuliko zote. Mgonjwa wa mafua, umegombana na mtu, umerudi usiku: je, dakika 10 zitawezekana? Zitawezekana. Ndiyo maana ni 10. Danieli aliposikia amri ya mfalme ya kuzuia sala imetiwa sahihi, alipanda chumbani kwake akapiga magoti mara tatu kwa siku, kama alivyokuwa akifanya tangu hapo (Danieli 6:10). Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Siku ya hatari hakubuni kitu kipya, alikuta mazoea yake yakimngoja.

Zigawe hivi:

1. Dakika 2: kaa kimya. Pumua. Mawazo yakitangatanga, yaache yapite.
2. Dakika 4: soma zaburi moja kwa sauti (hatua ya 4).
3. Dakika 3: sema ukweli mmoja kwa Mungu. "Sijisikii chochote" ni ukweli. "Nimekukasirikia" ni ukweli.
4. Dakika 1: Baba Yetu, polepole.

Kengele ikilia, ondoka. Hata kama ilikuwa vizuri. Hasa kama ilikuwa vizuri, kwa sababu ukikaa saa nzima leo, kesho dakika 10 zitaonekana kama umeshuka.

Hapa lazima nikiri kwamba Ignatius anavutia upande mwingine kidogo. Yeye alishauri kwamba wakati wa ukavu mtu akae zaidi kidogo ya saa aliyojipangia, ili asizoee kumkubalia adui. Lakini alikuwa akiandikia watu waliojitenga kwa mafungo, wenye saa nzima ya kusali na mwongozaji karibu. Mimi namchukulia kwa kiasi hiki: ukiona mkono unaenda kwenye kengele dakika ya 8, siku hiyo kaa mpaka ya 11. Dakika moja ya ubishi. Basi.

*Utajua umefaulu* kama kwa siku saba ulikaa siku tano au zaidi. Umekosa mbili? Usilipe deni. Dakika 10 za jana zimekwenda na jana.

## Hatua ya 4: Azima maneno

Mtu mkavu akiombwa abuni maneno yake hujirudia mpaka anajichoka. Kwa hiyo azima. Zaburi za kilio ziliandikwa kwa siku hizi: 13, 22, 42, 43, 77, 88, 102, 130, 143. Chukua moja, iweke siku tatu au nne mfululizo, kisha nenda nyingine. Usiharakishe orodha.

Anza na ya 13. Ina mistari sita tu, nayo inafungua kwa kuuliza "hata lini". Muulizaji hapewi jibu wala tarehe, ila anaendelea kuongea na yuleyule anayemlalamikia. Ukiweza kufanya hivyo tu, umesali.

Kisha ya 42 na 43. Zinashirikiana kiitikio kimoja (42:5, 42:11, 43:5), na humo mwimbaji anaacha kuongea na Mungu kwa kitambo, anaigeukia nafsi yake mwenyewe na kuiuliza kwa nini imeinama. Jaribu hivyo kwa sauti. Utajisikia mjinga mara ya kwanza.

Ya 88 iache mpaka siku mbaya. Karibu zaburi zote za kilio hugeuka mahali fulani zikatazama juu, hii haigeuki. Inamalizikia gizani. Na bado inafungua kwa kumwita Mungu "wa wokovu wangu". Sijui andiko jingine linalonifariji namna hiyo: kwamba sala isiyo na mwisho mzuri ilikubaliwa ndani ya Maandiko kama ilivyo, bila mtu kuibandikia amina ya furaha.

Na ukidhani kulia hivi ni utovu wa imani, kumbuka Yesu msalabani alilia kwa mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22 (Marko 15:34).

Utakutana na mistari ya sifa ambayo kinywa kinagoma kuitamka. Usiiruke, wala usijilazimishe kuihisi. Isome kama unavyosoma barua ya mwingine, kisha weka tarehe ndogo kwa penseli pembeni. Utakuja kuitumia tarehe hiyo.

*Onyo kwa wahubiri, walimu na viongozi wa vikundi:* dakika hizi si za kuandaa somo. Ukijikuta unaandika pointi tatu, umeshahama kutoka kwenye kiu yako kwenda kuchotea wengine. Funga daftari, rudi kwenye mstari.

## Hatua ya 5: Mwambie mtu mmoja

Watu wanne walimbeba mwenye kupooza, wakafumua dari, wakamshusha. Marko anasema Yesu alipoiona imani *yao* ndipo alipomwambia yule mgonjwa neno la msamaha (Marko 2:3–5). Aliyelala juu ya godoro hatajwi kusema neno lolote. Wewe sasa ndiye wa godoro. Tafuta wabebaji, na mmoja anatosha kuanza.

Mchague mtu anayeweza kunyamaza. Niliwahi kumweleza ukame wangu mtu aliyenizidi umri na uzoefu, nikiwa sijamaliza sentensi ya pili akaanza kunihesabia sababu: kiburi, uvivu, labda laana ya ukoo. Nilirudi nyumbani mkavu kuliko nilivyokwenda, na ilinichukua karibu mwaka kumwambia mtu mwingine. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila neno (Ayubu 2:13). Zile zilikuwa siku zao nzuri kabisa. Waliharibu walipoanza kufafanua.

Mwambie kwa maneno yaliyo wazi, maana ukizunguka atadhani unataka mahubiri. Kwa mfano:

"Nimekauka kiroho. Sihitaji ushauri kwa sasa. Naomba mambo mawili: uniombee, na kila Jumatano uniulize swali moja tu, 'Ulikaa dakika zako?'"

Anaweza kuwa padri, mchungaji, mama mlezi, rafiki wa kikundi cha maombi. Cheo si muhimu kama ile Jumatano.

## Hatua ya 6: Nenda hata kama huingii ndani ya wimbo

Tomaso hakuwepo Yesu alipowatokea wenzake jioni ya kwanza. Wakamweleza, akakataa kuamini. Halafu Yohana anaandika kitu tunachokipita haraka: baada ya siku nane wanafunzi walikuwamo ndani tena, *na Tomaso pamoja nao* (Yohana 20:26). Wiki nzima mtu asiyeamini alikaa katikati ya watu waliokuwa wakifurahi. Wao hawakumfukuza, naye hakuondoka. Alipotokewa, alikuwa mahali pa kutokewa.

Kwa hiyo ibada ya Jumapili usiiache. Huwezi kuimba? Simama. Huwezi kusimama? Kaa. Meza ya Bwana, kama kanisa lako linakuruhusu kuishiriki, ishiriki: mkate hauulizi unajisikiaje.

Kama uko kwenye kwaya, madhabahuni au kwenye uongozi, omba upunguziwe zamu za mbele. Baki kwenye kiti. Kinachoua zaidi kuliko ukavu wenyewe ni kuigiza moto mbele ya watu kila wiki, kisha kurudi nyumbani na baridi. Mwambie kiongozi wako ukweli kwa kiasi anachohitaji kujua, usimtungie safari.

Mahali pa zamu hizo weka kazi moja ndogo ya mikono isiyohitaji hisia: kumtembelea mgonjwa mmoja, kufagia, kupanga viti. Barua za Mama Teresa wa Kolkata, zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa miongo kadhaa hakuhisi uwepo wa Mungu, naye aliendelea kuwahudumia waliokuwa wakifa. Simtaji ili ujilinganishe naye. Namtaja kwa sababu wengi hudhani anayehudumu lazima awe amejaa kwanza.

*Utajua umefaulu* ikiwa hukuanza kukwepa watu.

## Hatua ya 7: Mstari mmoja kila usiku

Kabla ya kulala, jibu maswali mawili kwenye daftari:

- Nilikaa? (Ndiyo au hapana. Usieleze.)
- Leo nilipokea nini? (Kitu kimoja: simu ya mtu, kivuli, msamaha.)

Usiandike ulivyojisikia. Hiyo ndiyo tofauti ya daftari hili na shajara. Ukiandika hisia kila usiku utakuwa unampima homa mgonjwa kila dakika tano.

Kila siku ya saba, soma nyuma. Angalia kama jibu la swali la pili linaanza kuja haraka zaidi.

## Yanayokwama mara kwa mara

Nasinzia. Hamisha saa kwanza. Ukiendelea kusinzia hata mchana, rudi hatua ya 1, kipimo cha mwili.

Nilikosa siku tisa. Anza ya kumi kama hakuna kilichotokea. Usitangaze kuanza upya. Kutangaza ndiko kunakozaa kukosa kwingine.

Nimekasirika na Mungu. Zile dakika tatu ni zako. Sema.

Siamini tena kabisa. Basi sala yako iwe ya yule baba mwenye mtoto mgonjwa: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24). Mtoto wake aliponywa siku hiyohiyo, ingawa sala ilikuwa nusu kwa nusu. Kama una maswali ya akili, juu ya mateso au Maandiko, yaandike nyuma ya daftari na utafute mtu aliyesoma wa kuyajadili naye mchana. Saa sita usiku ukiwa peke yako si wakati wake.

Hisia imerudi ghafla! Shukuru. Kengele ikilia, ondoka kama kawaida. Wengi huangukia hapa: wanarudisha ratiba ya saa mbili siku hiyohiyo, na baada ya siku nne wako palepale walipoanzia.

## Siku ya 41

Kaa na yule mtu wako wa Jumatano. Fungua ukurasa wa kwanza, msomee maamuzi uliyoyafungia. Kwa kila moja, jibu kama bado unalitaka. Mengine utashangaa uliyawaza. Yakibaki moja au mawili yenye uzito uleule, sasa unaweza kuyazungumza, na kiongozi wako wa kiroho awepo.

Kisha rudi kwenye zile tarehe za penseli kando ya zaburi. Soma kwa sauti mistari ile uliyoshindwa kuitamka. Ambao leo kinywa hakikuugomea, weka tarehe ya pili pembeni yake. Ambao bado kinaugomea, uache na tarehe moja. Kesho asubuhi, saa ileile, kiti kilekile, weka kengele ya dakika 10.